Ubao wa theluji kwa mtoto wa Ijara: Vifaa sahihi hupatikanaje ughaibuni?

Kwa mkazi wa Masalani au Hulugho, swali la mahali pa kupata ubao wa kutelezea thelujini kwa mtoto wa miaka mitano linaweza kuonekana la mzaha. Ijara, iliyo kusini mwa Kaunti ya Garissa, ni tambarare, jua lake ni kali, na jambo linalowakosesha wafugaji usingizi ni mvua na malisho. Uhusiano wa pekee wa eneo hilo na barafu ni Mto Tana, unaopita magharibi yake ukibeba maji yaliyoanzia katika safu za Aberdare na Mlima Kenya, ambako mabaki ya barafu ya kileleni yanazidi kupungua.

Hata hivyo, swali hilo si la mzaha hata kidogo kwa wazazi wenye asili ya maeneo hayo ambao maisha yamewapeleka mbali. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka Somalia mwaka 1991 na kambi za Dadaab kufunguliwa katika Garissa, maelfu ya familia zilipitia kambi hizo kabla ya kupewa makazi Marekani, Canada na nchi za Skandinavia. Wakenya wa Kaskazini Mashariki nao wamefuata huko kwa njia ya masomo, ajira na ndoa. Wengi wamejikuta Minneapolis, Toronto au Oslo, miji ambayo majira ya baridi huchukua miezi kadhaa, na ambako watoto huenda kuteleza mlimani kama vile wenzao wa Garissa wanavyokwenda uwanjani kucheza kandanda.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mtoto anarudi nyumbani na orodha ya vifaa: ubao, viatu, helmeti, miwani, glavu. Mzazi aliyekulia penye joto hajui kipi ni cha lazima na kipi ni cha mapambo, na bei ya dukani inamtisha. Ubao, vifungio na viatu vipya vya mtoto, vikinunuliwa pamoja, hupita dola 300 za Marekani kwa urahisi. Fedha hizo hizo ndizo zinazosubiriwa nyumbani kwa njia ya hawala, kwa ajili ya karo, dawa au maji ya mifugo. Kukosea kununua, basi, ni hasara ya ukoo mzima. Kutonunua kabisa nako kuna gharama yake, kwani mtoto anayebaki dirishani wenzake wakipanda basi la mlimani hujifunza mapema kwamba yeye ni mgeni.

Mchezo uliobuniwa kwa ajili ya watoto

Kuteleza kwa ubao mmoja ni mchezo mchanga ukilinganishwa na kuteleza kwa skii, ambazo ni vipande viwili virefu, kimoja kwa kila mguu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, jimbo la Michigan nchini Marekani, mhandisi Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili binti zake wateremke kilima wakiwa wamesimama. Kifaa hicho kiliitwa Snurfer na kikauzwa kama kitu cha kuchezea. Mwaka 1977, Jake Burton Carpenter alianzisha katika jimbo la Vermont kampuni ya Burton, ambayo ilikuwa miongoni mwa zilizokigeuza kitu hicho cha watoto kuwa mchezo wa dunia nzima.

Mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya majira ya baridi kwa mara ya kwanza mwaka 1998 mjini Nagano, Japani. Wakenya wanayakumbuka mashindano hayo kwa sababu nyingine. Ndiyo yale ambayo Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni ili ampongeze.

Mji wa Burlington huko Vermont, yaliko makao makuu ya Burton, una uhusiano pia na Garissa. Kuanzia mwaka 2003, mji huo na vitongoji vyake ulipokea familia za Wasomali Wabantu, ambao wengi wao walikuwa wameishi Dadaab kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuhamishiwa Kakuma na hatimaye kusafirishwa hadi Marekani. Miongoni mwao wamo wanaozungumza Kizigua, lugha ambayo mababu zao waliondoka nayo Tanzania katika karne ya 19. Wazazi waliokuwa hawajapata kugusa theluji walijikuta majirani wa watengenezaji wa mbao za kuitelezea.

Aina mbili zisizopaswa kuchanganywa

Mzazi anayeanza kutafuta vifaa hukutana na aina mbili za mchezo huu, na kutozitofautisha ndicho chanzo cha makosa mengi.

Aina ya kwanza, ambayo ndiyo imeenea, hutumia viatu laini vinavyofanana na buti za kawaida, na vifungio vyenye mikanda ya kubana juu ya mguu. Ubao wake ni mpana kiasi, unapindika, na aghalabu ncha zake mbili hufanana. Hutumiwa kwa kuteleza kwa starehe, kuruka na kucheza.

Aina ya pili ndiyo inayoitwa ya Alpini, kwa jina la milima ya Alps barani Ulaya. Hii ni ya mbio na ya kukata kona kwa ukingo wa chuma wa ubao. Ubao wake ni mwembamba, mgumu na mrefu. Viatu vyake ni vya plastiki ngumu kama vya skii, na hushikwa kwa kifungio cha bamba kinachobana kidole na kisigino. Miguu yote miwili huelekezwa mbele, na mtelezaji hulaza mwili hadi karibu kugusa theluji anapokata kona.

Aina hiyo ya pili ilipata sifa kubwa mwaka 2018 mjini Pyeongchang, Korea Kusini, pale Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech aliposhinda dhahabu mbili katika Olimpiki moja, moja kwa skii na nyingine kwa ubao wa Alpini katika mbio za sambamba. Ushindi kama huo humvutia mtoto anayetazama runinga, naye humwomba mzazi ubao kama ule. Mzazi anapoingia dukani kuutafuta, hukuta hakuna.

Kwa nini vifaa vya Alpini vya watoto ni adimu

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Ubao mgumu hukata kona pale unapopindishwa na uzito na mwendo wa anayeupanda. Mtoto wa kilo 18 hana uzito wa kuupinda ubao wa namna hiyo. Ukimwekea, utaenda moja kwa moja kama gogo mtoni, naye atashindwa kuugeuza wala kuusimamisha. Ubao wa mtu mzima uliokatwa ufupi hauwi ubao wa mtoto.

Sababu ya pili ni ya kibiashara. Kadiri viatu laini vilivyoenea katika miaka ya 1990, kampuni kubwa ziliachana na vifaa vigumu. Kazi hiyo imebaki zaidi mikononi mwa watengenezaji wadogo, kama vile SG, iliyoanzishwa na Siegfried Grabner wa Austria, aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Torino mwaka 2006. Wateja wao ni wanamichezo wa mbio na watu wazima wenye mapenzi na aina hiyo. Mtoto wa chekechea hayumo katika hesabu zao.

Sababu ya tatu ni viatu. Viatu vigumu vya ubao kwa mguu mdogo ni vigumu mno kupatikana. Baadhi ya wazazi hutatua tatizo hilo kwa kumvisha mtoto viatu vya skii vya watoto na kuvifunga kwenye vifungio vya bamba. Njia hiyo hutumika, lakini ina tahadhari mbili. Kwanza, soli ya kiatu cha skii cha mtoto hutengenezwa kwa vipimo tofauti na vya mtu mzima, na huenda isikae sawasawa katika kifungio kilichokusudiwa watu wazima. Pili, vifungio vya skii hufunguka vyenyewe mtu anapoanguka vibaya, ilhali vya ubao havifunguki. Kiatu kisichoshikwa barabara kinaweza kuchomoka ghafla upande mmoja huku mguu wa pili ukibaki umefungwa, na goti la mtoto ndilo hulipa.

Kwa sababu hizo, mtoto mdogo huanza na ubao mdogo wa kupindika na viatu laini, hata kama ndoto yake ni mbio za Alpini. Vifaa vigumu huja baadaye, mguu wake ukishafikia viatu vilivyopo madukani na uzito wake ukitosha kuupinda ubao. Wakati huo ukifika, mahali pa kuuliza kwanza ni klabu ya mbio, kwa kuwa vifaa vidogo vya aina hiyo hupokezanwa klabuni kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na yupo kocha anayejua kuvirekebisha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakusema akunjwe kwa nyundo.

Vipimo vinavyofaa

Kosa linalorudiwa na wazazi wengi ni kununua vifaa vikubwa ili mtoto avikulie, kama inavyofanywa kwa sare ya shule. Katika mchezo huu desturi hiyo huumiza. Kiatu kinachocheza mguuni hakiwezi kuuongoza ubao, na ubao mrefu humshinda mtoto nguvu. Mtoto huanguka mara nyingi, huchoka, hulia, na huenda asitake tena kurudi mlimani. Fedha iliyodhaniwa kuokolewa hupotea yote.

Urefu wa ubao huamuliwa kwanza na uzito wa mtoto, kisha kimo chake. Kwa anayeanza, ubao ukisimamishwa mbele yake unapaswa kufika kati ya kifua na kidevu. Mbao ndogo kabisa zinazopatikana zina urefu wa sentimita 80 hivi, na zimetengenezewa watoto wa kuanzia miaka mitatu. Nyingine zina mahali pa kufunga kamba mbele, mzazi amvute mtoto kwenye theluji ya uwanjani kabla ya kumpeleka mlimani. Mbao bora za wanaoanza hupindika kwa urahisi, na kingo zake zimeinuliwa kidogo ili zisinase thelujini na kumwangusha mtoto kifudifudi.

Viatu ndivyo muhimu kuliko vyote. Namba za viatu hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini viatu vya thelujini huwa pia na kipimo cha urefu wa mguu kwa sentimita au milimita. Mtoto asimame akiwa amegusisha kisigino ukutani, na urefu upimwe hadi kwenye ncha ya kidole kirefu zaidi. Mguu wa sentimita 18 huhitaji kiatu kilichoandikwa 18 au 180. Akishavaa na kufunga, vidole viguse mbele kidogo bila kujikunja, na kisigino kisiinuke anapokunja magoti. Soksi iwe jozi moja tu, ndefu, isiyo ya pamba. Soksi mbili hubana damu, na mguu huganda upesi zaidi.

Vifungio navyo vina ukubwa wake. Mikanda ikifika mwisho na bado kiatu kinacheza, vifungio hivyo si vyake. Aidha, ni lazima ijulikane ni mguu upi unaotangulia. Njia rahisi ni kumtazama mtoto anapoteleza kwa soksi kwenye sakafu laini. Mguu anaoutanguliza mwenyewe, bila kuambiwa, mara nyingi ndio wa mbele. Kwa mtoto mdogo, ubao wenye ncha zinazofanana na vifungio vinavyoweza kugeuzwa humpa nafasi ya kubadilisha baadaye.

Kinga kwanza

Wazazi wenye fedha kidogo huanza kwa kununua ubao na kuacha kinga kwa siku nyingine. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Ubao unaweza kuazimwa popote, ila kichwa cha mtoto hakina cha akiba.

Helmeti iwe ya michezo ya thelujini, yenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 1077 au cha Marekani ASTM F2040. Ya baiskeli haitoshi, kwa kuwa haikutengenezwa kwa maanguko ya aina hiyo wala kwa baridi. Nchi kadhaa zimeligeuza jambo hili kuwa sheria. Italia iliwalazimisha watoto wa chini ya miaka 14 kuvaa helmeti kuanzia mwaka 2005, na mwaka 2022 ikapandisha umri huo hadi chini ya miaka 18.

Baada ya kichwa ni mikono. Anayeanza kutumia ubao hujikinga kwa viganja anapoanguka, na kifundo cha mkono ndicho huumia zaidi. Utafiti umeonyesha kwamba vikinga vya vifundo hupunguza majeraha hayo. Ni kifaa cha bei nafuu, na vipo vinavyovaliwa ndani ya glavu. Glavu zenyewe ziwe za kuunganisha vidole vinne pamoja, kwani huhifadhi joto kuliko za vidole vilivyotengana.

Kuhusu mavazi, kanuni ni tabaka tatu: la ndani la sufi au kitambaa kisichohifadhi jasho, la kati la kuleta joto, na la nje la kuzuia upepo na maji. Pamba haifai karibu na ngozi kwa sababu ikilowa haikauki. Miwani ya theluji ni ya lazima, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho hata siku ya mawingu.

Wasichana wanaovaa hijabu hawana sababu ya kuachwa nje. Kinachotakiwa ni kitambaa chepesi kinachobana kichwa bila pini wala fundo, kivaliwe chini ya helmeti, na helmeti ipimwe ikiwa juu yake. Ncha ziingizwe ndani ya koti. Kitambaa kinachoning'inia, kiwe hijabu au skafu ya kawaida, kinaweza kunaswa na mitambo ya kupandisha watu mlimani.

Kuazima kabla ya kununua

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika suala hili methali hiyo haina nguvu. Mguu wa mtoto mdogo unaweza kuongezeka sentimita moja au zaidi kwa mwaka, kwa hiyo kiatu kilichonunuliwa Desemba huenda kisimwingie majira ya baridi yanayofuata. Wenyeji wenyewe, hata wenye uwezo, hawanunui vifaa vipya kila mwaka. Hukodi, huazima na hupokezana, na hakuna anayeona haya.

Sweden imekwenda mbali zaidi katika jambo hili. Mwaka 2013, katika mji mdogo wa Deje, mkoa wa Värmland, ilianzishwa Fritidsbanken, ambayo ni kama maktaba, ila badala ya vitabu huazimisha vifaa vya michezo. Watu hutoa vifaa wasivyovihitaji, na yeyote huviazima bila malipo kwa hadi siku 14. Mpango huo umeenea katika sehemu nyingi za nchi hiyo. Norway nayo ina BUA, mtandao wa vituo vinavyowaazima watoto na vijana vifaa bila malipo. Mzazi mgeni hahitaji kueleza shida zake ili ahudumiwe, kwa kuwa huduma hizo ni za kila mtu, tajiri na maskini.

Marekani na Canada hazina mpango mmoja wa nchi nzima kama huo, ila zipo njia nyingine. Maduka mengi ya mlimani huwakodisha watoto vifaa kwa msimu mzima, kuanzia majira ya kupukutika majani hadi theluji inapoyeyuka, na baadhi hubadilisha kiatu mtoto akikua katikati ya msimu. Gharama yake huwa ndogo sana kuliko ya kununua. Anayekwenda mapema hupata vipimo vidogo. Anayengoja theluji ianguke hukuta vimekwisha.

Yapo pia mashirika ya hisani. Chill, iliyoanzishwa Burlington mwaka 1995 na Jake Burton Carpenter pamoja na mkewe Donna, huwapa vijana kutoka familia zisizo na uwezo vifaa, mavazi, usafiri na mafunzo. Huko Minneapolis, jiji lililo katika jimbo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, Wakfu wa Loppet huendesha programu za michezo ya thelujini kwa watoto katika bustani ya Theodore Wirth. Mipango ya namna hii huwa na nafasi chache na masharti ya umri, kwa hiyo inafaa kuuliza shuleni mapema.

Kwa familia za Waswahili na Wasomali zinazoishi katika nchi za Ghuba, shida hii ni ndogo zaidi. Ski Dubai, uwanja wa theluji uliofunguliwa ndani ya jengo la maduka mwaka 2005, huwapa wageni wa mteremko mavazi na vifaa vya kutelezea pamoja na tiketi. Mtoto anaweza kujaribu kabla mzazi hajaamua lolote.

Kukagua mitumba

Anayeamua kununua anaweza kuokoa fedha nyingi kwa kununua mitumba, na hapa mtu wa Afrika Mashariki ana ujuzi wa kutosha. Jicho lililozoea kukagua viatu katika soko la Garissa au Gikomba linajua kutafuta kasoro.

Ubao upinduliwe na kutazamwa chini. Mikwaruzo midogo si neno. Ufa unaofika kwenye ukingo wa chuma, ukingo uliobanduka, au sehemu inayobonyea kwa kidole ni dalili kwamba maji yameingia ndani, na ubao huo hauna maisha. Matundu ya skrubu yakaguliwe, kwani uzi uliolika hauwezi kukaza vifungio. Mikanda ya vifungio ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa, na ijaribiwe kwa kiatu halisi cha mtoto.

Viatu vigumu vya plastiki vinahitaji uangalifu wa pekee. Plastiki huzeeka hata ikiwa kabatini, na viatu vilivyokaa miaka mingi vinaweza kupasuka ghafla mlimani ilhali kwa macho vinaonekana vizima. Umri wake uulizwe kabla ya bei. Ama helmeti, hiyo haifai kununuliwa mkononi mwa mtu usiyemjua, kwa kuwa iliyowahi kugongwa kwa nguvu hupoteza uwezo wake bila kuonyesha alama yoyote.

Hatimaye, vifaa peke yake havimfundishi mtoto. Somo la saa moja kwa mwalimu linamfaa kuliko ubao wa bei ghali. Mzazi asiyejua kuteleza hana sababu ya kuona haya, anaweza kusimama chini ya mteremko na chupa ya chai ya moto kama wazazi wengine.

Kilicho mbele ya mtoto

Baadhi ya jamaa walioko nyumbani huuliza fedha ya ubao ina manufaa gani. Majibu yapo katika mifano iliyokwisha kuonekana. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alipelekwa Austria akiwa na umri wa miaka mitatu. Baba yake wa kambo, aliyekuwa na mtambo wa kupandisha watelezaji mlimani, ndiye aliyemfundisha skii. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang, akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alipata nafasi hiyo kwa sababu vifaa na mteremko vilikuwa karibu naye tangu utotoni.

Katika mji wa Borlänge, Sweden, vijana wa Kisomali ambao wengi wao hawakuwahi kuvaa viatu vya barafu waliunda mwaka 2013 timu ya Somalia ya bandy, mchezo wa mpira wa barafuni. Mwanzoni mwa mwaka 2014 walishiriki mashindano ya dunia mjini Irkutsk, Urusi. Walifungwa mabao mengi, lakini mji uliokuwa ukiwatazama kwa mashaka ulianza kuwashangilia. Kabla ya hapo, kulikuwa na mtu aliyewapa viatu vya barafu vinavyowatosha na kuwasubiri wajifunze kusimama.

Si kila mtoto wa Ijara aliye ughaibuni atafika Olimpiki, wala si lazima afike. Wengi watataka tu kuteremka kilima pamoja na wanafunzi wenzao, warudi nyumbani mashavu yakiwa yameganda na wenye njaa. Kwa hilo, mzazi hahitaji vifaa vya bingwa wala deni dukani. Anahitaji ubao mfupi unaopindika, viatu vinavyobana barabara, helmeti nzima, na ujasiri wa kuingia katika kituo cha kuazimisha na kuuliza. Muda mwafaka wa kuuliza ni mwezi Septemba au Oktoba, theluji ikiwa bado haijaanguka na viatu vidogo vikiwa bado rafuni.